Hasara ni ya Nani? Fikira juu ya Mali Kauli, Benki Zisizotoza Riba na Misukosuko ya Fedha

Katika Kiswahili, maneno faida na hasara aghalabu hutajwa pamoja, wala hatuoni ajabu. Walakini, katika mikataba ya fedha mambo haya mawili ni nadra kugawanywa pamoja. Mara nyingi mtu mmoja huandikiwa faida yake tangu siku ya kwanza, na mwenziwe huachiwa hasara yote itakayotokea. Swali tunalotaka kulizungumza katika makala haya ni la adili kabla ya kuwa la uchumi: msukosuko wa fedha unapoingia, ni haki hasara imwangukie nani? Na je, benki zinazojitangaza kuwa hazitozi riba hulijibu swali hilo kwa namna yao wenyewe, au tofauti yao na benki nyingine ni ya majina tu?

Tunalileta swali hili mbele ya walimu wenzetu kwa sababu mbili. Kwanza, maneno yenyewe ni mali yetu. Riba, amana, dhamana, ubia, shirika na karadha ni maneno tunayoyafundisha, na mwanafunzi mwerevu akituuliza tofauti ya riba na faida, kamusi peke yake haitutoshi. Pili, sisi tunaoishi Bujumbura tumeona kwa macho yetu, katika miaka michache, misiba ya mali ya namna mbalimbali. Msiba wa mali ndio unaoonyesha mkataba ulikuwa na maana gani. Katika siku za neema mikataba yote hufanana.

Mali kauli

Kabla ya kuzungumza habari za benki, yafaa tukumbuke desturi iliyozitangulia. Waswahili wana usemi wa mali kauli, yaani mali anayopewa mtu kwa neno lake tu, aende akauze, kisha arudi kulipa. Biashara ya misafara iliyotoka pwani kuja bara katika karne ya 19 ilisimama juu ya desturi ya namna hii. Matajiri wa Unguja, kama Taria Topan, waliwakopesha bidhaa na fedha wafanyabiashara wa bara, akiwamo Tippu Tip mwenyewe, na malipo yakangojewa miaka. Bei ya bidhaa zilizokopeshwa ilikuwa juu kuliko bei ya taslimu. Wengine waliona kwamba ziada hiyo ni riba iliyovishwa kanzu ya biashara. Wengine walisema ni haki ya mtu aliyetoa mali yake nyumbani bila kujua kama itarudi.

Mabishano hayo hayajakwisha mpaka leo. Katika mtaa wa Buyenzi, unaojulikana kwa Waswahili wake, misikiti yake na gereji zake, muuza vipuri humpa fundi bidhaa leo na kupokea fedha mwisho wa mwezi, na bei ya mkopo si lazima iwe bei ya taslimu. Hapana benki baina yao, wala hapana karatasi ndefu. Lakini mambo yote ambayo benki kubwa za Dubai na Kuala Lumpur huajiri wanasheria kuyaandika yamo ndani ya kauli ile fupi: nani mwenye mali, nani mdaiwa, na mali ikiharibika njiani imeharibika juu ya nani.

Mikataba mitatu

Hatuna budi kueleza maneno machache. Riba, kama wanavyoifafanua wanazuoni, ni ziada inayodaiwa juu ya mkopo kwa sababu ya kupita kwa muda. Mkopeshaji hanunui wala hauzi kitu. Hungoja tu, na kungoja kwake kunalipiwa. Benki zinazofuata sheria ya Kiislamu hukataa ziada hiyo, na mahali pake huweka mikataba ya biashara.

Ya kwanza na iliyoenea kuliko zote ni murabaha. Mteja akitaka gari, benki hulinunua, halafu humwuzia kwa bei ya juu inayojulikana, naye hulipa kidogo kidogo. Bei ikishakubaliwa haiongezwi. Ya pili ni mudharaba: mmoja hutoa mtaji, mwingine hutoa kazi, faida hugawanywa kwa fungu walilopatana, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji, madhali mfanyakazi hakuzembea wala hakuhaini. Ya tatu ni musharaka, ambao kwa Kiswahili chetu ni ubia: wote hutoa mtaji, na hasara hugawanywa kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja.

Katika Afrika ya Mashariki benki za namna hii si ngeni tena. Nchini Kenya, Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi mwaka 2008. Ile ya pili baadaye ilinunuliwa na kubadilishwa jina. Dar es Salaam iliona Amana Bank ikifunguliwa mwaka 2011, na mwaka huo huo Benki ya Watu wa Zanzibar ilianzisha huduma zisizo na riba. Uganda ilibadili sheria yake ya mabenki mwaka 2016 ili kuziruhusu. Hivyo mfanyabiashara wa Bujumbura anayefuata mali yake Dar es Salaam au Nairobi hukutana nazo, na ni vizuri ajue anachotia sahihi.

Sasa tuipime mikataba hiyo kwa majaribio matatu: mali inapoangamia, riba inapopanda, na sarafu inapoanguka.

Jaribio la kwanza: mali inapoangamia

Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Maelfu ya watu waliotegemea vibanda vile waliamka wakiwa na duka na kulala wakiwa na majivu, na miongoni mwao walikuwamo waliofanya biashara kwa fedha za mikopo. Moto uliteketeza vitenge, vyakula na vyombo, lakini haukuteketeza daftari za madeni.

Chini ya mkopo wa riba, deni la mtu kama huyo lilibaki lilivyo, na riba iliendelea kuhesabiwa siku kwa siku. Tungependa kusema kwamba chini ya murabaha mambo yangekuwa tofauti kabisa, lakini kusema hivyo ni kuwadanganya wasomaji wetu. Mtu akishauziwa mali, mali ni yake. Ikiungua, imeungua juu yake. Bei aliyoahidi ingali shingoni mwake. Tofauti iliyopo ni kwamba deni halizidi kwa kupita kwa muda. Hata faini ya kuchelewa, pale inapokubaliwa, haitakiwi kuingia katika mfuko wa benki bali katika sadaka. Tena Qurani, katika sura ya Al-Baqara, inaagiza kwamba mdaiwa aliyebanwa na dhiki angojwe mpaka apate wasaa, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Hii ni tofauti yenye maana kwa mtu aliyeunguliwa. Walakini haifiki hadi ya kugawana hasara.

Ni mudharaba na ubia peke yake unaojibu msiba wa moto kwa namna nyingine. Katika mudharaba mwenye mtaji angepoteza mtaji wake, na mfanyabiashara angepoteza jasho lake. Kila mmoja angepoteza kile alichokileta. Hapana atakayebaki na fungu lake kamili ilhali mwenziwe analia. Hapo ndipo twaona kwamba mpaka wa haki haupiti baina ya benki ya riba na benki isiyotoza riba. Mpaka wenyewe unapita ndani ya benki isiyotoza riba, baina ya mikataba ya deni na mikataba ya ushirika.

Jaribio la pili: riba inapopanda

Msukosuko wa pili hautoki motoni bali katika ofisi za benki kuu. Bei za vitu zinapopanda kupita kiasi na sarafu kudhoofika, benki kuu hupandisha kiwango cha riba ili fedha iwe ghali na watu wapunguze kukopa. Mfano mzuri ni Kenya mwaka 2011. Mfumko wa bei ulikaribia asilimia 20, na shilingi ikapita 100 kwa dola moja. Benki Kuu ya Kenya, ambayo mwezi wa Septemba ilikuwa na kiwango cha asilimia 7, ilikipandisha hata kikafika asilimia 18 mwezi wa Desemba. Mabenki ya kawaida yalifuata, na mtu aliyekopa nyumba kwa riba inayobadilika akajikuta anadaiwa malipo ya mwezi ambayo hakuyaahidi alipokopa.

Katika jaribio hili murabaha hupata ushindi ulio wazi. Aliyenunua kwa bei ya kudumu kabla ya msukosuko hulipa bei ile ile hata benki kuu ikipandisha riba mara tatu. Kauli imekwisha kutoka, na muungwana ni kauli. Hasara, yaani ile faida ambayo benki ingeipata kwa kuongeza, huangukia benki. Kwa maskini anayepanga maisha yake kwa kipato kidogo, kujua leo atalipa nini mwakani ni salama kubwa.

Lakini tusiishie nusu ya hadithi. Mteja anayekuja baada ya riba kupanda hupewa bei gani? Benki isiyotoza riba huishi katika soko moja na benki nyingine. Ikiuza rahisi sana, fedha zake zitakwisha upesi. Ikiwapa wenye amana faida ndogo, watahamia kwingine. Kwa hiyo huangalia riba ya soko na kupanga nyongeza yake kwa kuifuata. Kwa miaka mingi benki za Kiislamu za Ghuba zilitumia kiwango cha riba cha London kuwa kipimo chao. Mwaka 2009 wachunguzi wawili, Beng Soon Chong na Ming-Hua Liu, walionyesha kwamba nchini Malaysia faida waliyopewa wenye amana katika benki za Kiislamu ilifuata kwa karibu sana riba za benki za kawaida. Basi sera ya fedha ikifungiwa mlango wa mbele huingia kwa mlango wa nyuma. Haigusi mikataba iliyokwisha kufungwa, lakini hupanga bei ya mikataba mipya.

Kadhalika, kuna upande ambao benki hizi huumia kuliko nyingine. Benki ya kawaida ikiwa na fedha nyingi hununua hati za hazina za serikali. Ikipungukiwa hukimbilia benki kuu na kukopa kwa riba. Benki isiyotoza riba haiwezi kufanya hivyo bila kuvunja ahadi yake. Isipotengenezewa mlango wake maalumu, hulazimika kuweka fedha nyingi bila kuzizalisha, nayo siku ya msiba huwa kama mtu mwenye nyumba isiyo na jirani. Maadamu serikali imeruhusu benki za namna hii, ni haki izitengenezee njia ya kupumua.

Jaribio la tatu: sarafu inapoanguka

Jaribio la tatu ndilo lililotugusa Warundi kwa karibu. Mwezi wa Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga: bei rasmi ya dola moja ikatoka yapata faranga 2,100 na kupita 2,800. Nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na wafanyabiashara wengi walikuwa wamekwisha kuzoea kununua dola mtaani kwa bei iliyozidi ile rasmi. Mwezi uliofuata noti za zamani za 5,000 na 10,000 ziliondolewa, na wananchi wakapewa siku kumi tu za kuzipeleka benki. Mwezi wa Julai Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 271 hivi kwa Burundi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuza vipuri amempa fundi mali kauli ya faranga 1,000,000, malipo baada ya miezi mitatu. Tukipima kwa bei rasmi peke yake, siku ya mapatano deni hilo lilikuwa sawa na dola 476 hivi. Siku ya malipo lilikuwa limeshuka hata chini ya dola 360. Fundi amelipa kila faranga aliyoahidi, na hapana awezaye kumlaumu. Lakini muuzaji akienda kuagiza vipuri vingine atapata pungufu ya robo. Amepata bei yake kamili, na amepata hasara. Je, anaweza kudai nyongeza?

Swali hili ni la kale. Mwanzoni mwa karne ya 15, Al-Maqrizi wa Misri aliandika juu ya njaa na kupanda kwa bei katika nchi yake, akailaumu serikali kwa kulijaza soko sarafu za shaba. Kabla yake, wanazuoni wa Iraki walikuwa wamekwisha kutofautiana: Abu Hanifa alishika kwamba mdaiwa atoe idadi ile ile ya sarafu, na mwanafunzi wake Abu Yusuf akaona kwamba sarafu za shaba zikibadilika thamani, mdaiwa alipe thamani yake. Karne nyingi baadaye, Ibn Abidin wa Damascus alitunga risala nzima juu ya jambo hilo. Katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilikutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988 na kuamua kwamba deni la sarafu hulipwa kwa mfano wake, yaani kwa idadi, wala halifungamanishwi na kupanda kwa bei.

Uamuzi huo unaweza kuonekana mkali kwa muuzaji wetu, lakini una hekima. Kama kila mdai angekuwa na haki ya kuongeza deni kwa kudai kwamba fedha imeshuka, mdaiwa asingejua mwisho wa deni lake, na ziada iliyofukuzwa mlangoni ingerudi dirishani kwa jina jipya. Tena fundi siye aliyeishusha faranga. Kumtoza yeye kosa la uchumi wa nchi nzima ni kumbebesha mzigo wa wengine.

Hata hivyo, idadi siyo mwisho wa wajibu. Dini hiyo hiyo inayokataza nyongeza ya sharti inamsifu anayelipa kwa wema kupita alivyodaiwa, madhali hakulazimishwa wala haikupatanwa. Tena inahesabu kuwa ni dhuluma kwa mwenye uwezo kuahirisha malipo. Hapa Bujumbura jambo hili lina maana ya pekee. Mdaiwa mwenye fedha mkononi, anayengoja kwa makusudi faranga izidi kudhoofika ili alipe deni kwa fedha nyepesi, hatavunja hesabu yoyote iliyoandikwa, lakini amekula mali ya mwenziwe. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Katika nchi ambayo sarafu yake inashuka, dawa hiyo ikicheleweshwa huwa sumu kwa yule anayedai.

Twaona basi kwamba jaribio la sarafu huweka upande wa pili mizani ambayo jaribio la riba liliielemeza upande mmoja. Bei ya kudumu ilimlinda mdaiwa wa Nairobi mwaka 2011, na bei hiyo hiyo ya kudumu ilimwumiza mdai wa Bujumbura mwaka 2023. Na mdai akishaumia mara moja hujifunza. Kesho ataingiza hofu yake katika bei tangu siku ya kwanza. Atauza ghali, atafupisha muda, au atakataa kukopesha kabisa. Hofu hiyo hulipwa na mnyonge anayekuja baadaye, hata kama sarafu haitashuka tena.

Ulimwengu ulifundisha nini

Msukosuko wa mwaka 2008, ulioanzia katika mikopo ya nyumba ya Marekani, uliwafanya watu wengi wazitazame benki zisizotoza riba kama kimbilio. Wataalamu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Maher Hasan na Jemma Dridi, walichapisha uchunguzi wao mwaka 2010. Waligundua kwamba mwaka 2008 benki za Kiislamu kwa jumla zilidhurika kidogo kuliko nyingine, kwani hazikuwa zimenunua zile hati za madeni yaliyofungwa juu ya madeni. Walakini mwaka 2009, msukosuko ulipofika katika biashara ya kweli ya majumba na viwanja, faida ya benki za Kiislamu katika baadhi ya nchi ilishuka kuliko ya wenzao, kwa sababu zilikuwa zimerundika mali mahali pamoja na hazikupima hatari vizuri. Hata hivyo ziliendelea kuwapa watu fedha za biashara kwa wingi zaidi kuliko benki za kawaida.

Somo jingine lilitoka Dubai. Mwishoni mwa mwaka 2007 mwanazuoni wa Pakistani, Taqi Usmani, alionya kwamba sehemu kubwa ya sukuku za Ghuba zilikuwa na kasoro: watoaji wake waliahidi kuinunua tena mali kwa bei ya mwanzo, vyovyote itakavyokuwa. Kwa ahadi hiyo, mwenye sukuku alikuwa mbia kwa jina, na mdai kwa hakika. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Novemba 2009, kampuni ya Dubai World iliomba kuahirishiwa malipo ya madeni yake, zikiwamo sukuku za kampuni yake tanzu ya Nakheel zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.5. Zililipwa mwezi uliofuata kwa msaada wa Abu Dhabi. Walioitwa wabia walinusurika bila kugawana hasara. Mwenye kuibeba alikuwa mwingine.

Na Sudan, ambayo mabenki yake yote yaliwekwa chini ya sheria ya Kiislamu tangu miaka ya 1980, ilikuwa na mfumko wa bei uliozidi asilimia 300 mwaka 2021. Kuondoa riba katika mabenki hakukuiponya sarafu. Serikali ikitumia kuliko inavyopata, na vita na migogoro ikivunja uzalishaji, hapana mkataba wa benki utakaoizuia fedha isiporomoke. Mwenye kuahidi kwamba benki isiyotoza riba itaikinga nchi na kila msukosuko anaahidi asichoweza kutimiza.

Maoni yetu

Kutokana na majaribio hayo, sisi twaona mambo matatu.

La kwanza ni kwamba tofauti baina ya benki zisizotoza riba na nyingine si ya majina matupu. Deni lisilokua, na bei isiyobadilishwa baada ya kauli kutoka, ni mambo mema, na mtu aliyebanwa huyaona faida yake mara moja.

La pili ni kwamba wema huo una kikomo. Mtu asiseme amekwisha kutenda haki kwa sababu tu mkataba wake unaitwa murabaha. Mkataba wa deni, uwe na riba au usiwe nayo, humwacha mmoja peke yake mali inapoangamia, na humwacha mwingine peke yake sarafu inapoanguka. Kwa mambo ya muda mfupi hilo linavumilika. Mali kauli ya mwezi mmoja haihitaji ushirika. Kwa mambo ya miaka mingi, katika nchi ambayo fedha yake haijatulia, ubia ni karibu zaidi na haki. Wabia wa duka la vipuri hawana haja ya kugombana juu ya thamani ya faranga, kwani mtaji wao umo katika vipuri vyenyewe: bei ikipanda imepanda kwa wote, na duka likiungua limeungua kwa wote.

La tatu ndilo gumu kuliko yote. Kwa nini basi benki hupenda murabaha na kuukimbia ubia? Kwa sababu ubia hutaka ukweli. Benki ikiwa mbia wa mfanyabiashara, haina budi kuamini hesabu zake. Na mfanyabiashara mwenye daftari mbili, moja ya mtoza kodi na moja ya nyumbani, hatakosa ya tatu kwa ajili ya mbia wake. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba mali yenye daftari la uongo hupotea pamoja na urafiki. Na benki nayo ina uongo wake: huwaambia wenye amana kwamba ni washirika, lakini faida ikipungua huogopa kuwaambia, ikaficha upungufu huo kwa akiba ya miaka ya neema wasije wakaondoka. Wenye amana hujifunza kutazamia faida isiyoshuka, na mtu anayetazamia faida isiyoshuka amekwisha kurudi katika riba, ingawa hajui.

Basi tatizo linalosemwa kuwa la uchumi lina mzizi katika uaminifu. Sera ya benki kuu yaweza kupandisha na kushusha bei ya fedha. Haiwezi kumfanya mtu aseme kweli juu ya faida yake. Sheria yaweza kumlazimisha mdaiwa kulipa idadi. Haiwezi kumlazimisha kulipa mapema akijua sarafu inashuka. Wengi kati yetu hatutakuwa na benki, wala hatutaombwa shauri na magavana. Lakini tuna maneno. Mwanafunzi akituuliza maana ya mbia, tusimwambie tu kwamba ni mtu mwenye fungu katika biashara. Tumwambie ni mtu ambaye siku ya hasara jina lake halifutiki katika daftari.